Nawashonea maharusi suti, nami nashindwa kupiga simu moja

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, maeneo ya Ngamiani, na mwezi ujao natimiza miaka 41. Sijaoa. Barua hii naiandika dukani usiku, milango nimeshafunga, kwa sababu nyumbani mama akiniona na kalamu atataka kujua naandika nini.

Kazi yangu kubwa ni kanzu na suti za maharusi. Ijumaa na Jumamosi dukani kwangu hapapitiki. Kijana anasimama mbele ya kioo, wenziwe wanampiga picha, mimi nimepiga magoti na pini mdomoni nampimia pindo la suruali. Wateja hawakosi kuuliza, "Fundi, na yako tutaivaa lini?" Zamani nilikuwa nacheka nao. Siku hizi nashukuru zile pini, maana mwenye pini mdomoni hajibu.

Si kwamba sikujaribu. Nikiwa na miaka 27 nilipeleka posa, ikarudi. Walisema fundi wa barazani hana mbele. Nikiwa na 33 nikapeleka nyingine. Yule binti alinitazama kupitia upenyo wa pazia, akamnong'oneza dada yake, nikasikia wanacheka. Mimi ni mfupi, mnene, na jicho la kushoto lina kengeza. Tangu siku hiyo nikasema yatosha.

Sasa, jirani yangu kuna kijana anayewatia watu filamu kwenye flashi. Siku moja akanipa moja bure, akasema hiyo hainunuliki kwa kuwa haina rangi. Inaitwa Marty, ya mwaka 1955. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini ina maandishi chini, nikawa naisimamisha nasoma polepole. Huyo Marty ni muuza nyama wa Bronx, kule New York. Ana miaka 34, mnene kama mimi, anaishi na mama yake mjane, na ndugu zake wote wana ndoa zao. Inaanza yuko buchani anakata nyama, na wanawake wanaokuja kununua wanamuuliza haoni haya, mdogo wake kaoa, yeye anangoja nini? Shangazi, niliiweka simu chini, nikatoka nje kupunga upepo. Nimeshaitazama mara tatu.

Wiki mbili baadaye akaja dukani bwana harusi mmoja kujaribu koti, amefuatana na dada yake. Nikiwa nataka kulipiga koti pasi, umeme ukakatika. Yule kijana akaenda kwenye shughuli zake, dada mtu akabaki kwenye benchi kusubiri. Ulirudi baada ya karibu saa mbili. Ana miaka 37, ni karani, aliachika miaka minne iliyopita na ana binti wa miaka tisa. Tulizungumza mambo ya kawaida tu, ada za shule, samaki walivyopanda bei. Mara akanyoosha kidole kwenye shati langu, akasema, "Fundi, kifungo chako mwenyewe kiko wapi? Kweli mganga hajigangi." Akalivuta kopo langu la vifungo, akachagua kinachofanana, akakiweka juu ya cherehani. Alipokuwa anaondoka aliandika namba yake ya simu kwenye daftari langu, chini ya vipimo vya mdogo wake. Kifua 38, kiuno 32, mkono 24, halafu namba yake. Nikamwahidi nitampigia Ijumaa baada ya sala.

Usiku huo nilimweleza mama, na furaha yote. Mama ana miaka 68, ana kisukari, na kwa miaka mingi kila akimaliza kuswali dua yake ni moja, nioe. Nikamwambia habari za yule dada na mtoto wake. Nikasema kwa kuwa nyumba yetu ni ya vyumba viwili, Mungu akijaalia tungeweza kupanga karibu na duka, tukawa tunakuja kumwangalia kila siku. Mama hakusema neno. Asubuhi yake, akinipa chai, akasema, "Mke hapewi talaka bure. Kilichomshinda mwenzio utakiweza wewe?" Tangu hapo kila siku analo jipya.

Barazani ndiyo usiseme. Walimwona siku ile anatoka dukani. Ana makovu ya chunusi usoni, na meno yake ya mbele yamepandana. Mmoja akasema, "Umesubiri miaka yote hii uje kuchukua mtumba?" Wakacheka. Na mimi nikacheka, Shangazi. Hilo linaninyima usingizi kuliko yote.

Ijumaa tatu zimepita, sijapiga. Mdogo wake alikuja kuchukua suti, akalipa, akafika mlangoni akageuka, "Fundi, huna salamu zozote?" Nikasema wasalimie nyumbani.

Mwisho wa filamu Marty anapiga simu. Na mimi nipige? Au ni filamu tu iliyonitia wazimu, nimechoka kuwa peke yangu kiasi kwamba yeyote atakayekaa benchi langu saa mbili nitasema nampenda? Na mama nimfanyeje?

Kapera wa Ngamiani

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya pili ilikuwa baada ya kuitazama tena hiyo filamu, maana niliiona zamani na nilitaka tuwe tunasema jambo moja. Ni dakika 90 tu, na wewe unayeisimamisha kusoma maandishi nadhani inakumaliza usiku mzima.

Umeniuliza upige au usipige. Hilo sitakujibu, na nadhani hukuniandikia kwa ajili hiyo, kwa sababu namba unayo na simu unayo. Ninachokisikia ni kwamba watu watatu wanazungumza ndani yako kwa wakati mmoja, mama, baraza na yule kijana wa miaka 33 aliyechekwa nyuma ya pazia, na sauti yako mwenyewe huisikii vizuri.

Umejiona kwa Marty tangu pale buchani, na ni haki yako. Lakini hebu rudi pale ukumbi wa dansi. Clara, mwalimu wa kemia mwenye miaka 29, ameletwa na mwanamume ambaye dakika chache tu baadaye anamwona hafai. Anamfuata Marty, anampa dola 5 amchukue huyo msichana amrudishe kwao ili yeye abaki na mwingine. Marty anakataa. Anasema huwezi kumfanyia mtu hivyo. Yule bwana anampata mwingine wa kuzipokea, Clara anaelewa kinachotendeka, anatoka nje kulia, na Marty anamfuata kumwomba wacheze. Mapenzi yao yameanzia hapo, kwa mtu anayejua maumivu ya kukataliwa kumwonea uchungu mwenziwe.

Kisha ikaja Jumapili. Marty ameahidi kupiga simu mchana baada ya Misa. Rafiki zake wanamponda Clara, mama naye anamponda, simu haipigwi. Kuna kipande kifupi hapo ambacho hukukitaja, na mimi ndicho kilichonishika. Clara yuko sebuleni kwao, ameketi na wazazi wake mbele ya televisheni, na machozi yanamtiririka. Hasemi kitu.

Sikwambii kwamba huyo dada analia. Ana mtoto, ana kazi, na pengine ameshasema wanaume ndivyo walivyo akaendelea na mambo yake. Mimi sijui, wewe pia hujui. Ila kwa wiki tatu hizi, katika nyumba moja hapo Tanga, wewe hukuwa yule muuza nyama anayeonewa huruma. Umekuwa simu isiyolia. Nalisema kwa upole, kwa sababu naona mtu aliyezoea kukataliwa hata haamini kwamba na yeye anaweza kumkataa mtu. Unadhani unachelewa tu. Na mdogo wake aliyegeuka mlangoni kuuliza salamu, mwanangu, umewahi kuona bwana harusi amebeba suti yake mpya, kichwa chote kiko kwenye shughuli, akakumbuka kuomba salamu za fundi? Huenda lilikuwa neno la adabu tu. Huenda pia alitumwa.

Sasa tuje kwenye uso wake, maana umeniandikia makovu na meno. Katika filamu Clara wanamwita mbaya mpaka jina la mnyama wanampa. Mimi nimemtazama kwa makini, sikuuona huo ubaya. Aliyeigiza ni Betsy Blair, na ana uso mtulivu na macho mazuri. Ubaya ulikuwa midomoni mwa waliomzunguka, na Marty, aliyecheza naye usiku kucha akafurahi, anaanza kumtilia shaka kwa kuwa wenziwe wameguna. Mwigizaji mwenyewe nusura aikose nafasi hiyo kwa maneno ya watu: jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wasiotakiwa Hollywood kwa sababu ya misimamo yake ya siasa, na Gene Kelly, mwigizaji maarufu aliyekuwa mumewe wakati huo, ndiye aliyempigania. Ernest Borgnine naye, aliyemwigiza Marty, kabla ya hapo watu walimjua kwa nafasi za wababe. Mwaka 1953 alikuwa sajenti katili kwenye filamu nyingine. Sura yake ilishapangiwa kazi. Akaja akamcheza huyu kapera mpole, akapata Oscar, moja kati ya 4 ilizochukua filamu hiyo.

Kwa hiyo naomba ufanye jambo moja, peke yako, bila kuniandikia. Ondoa kwenye barua yako yote uliyoambiwa juu yake, na yote yanayoweza kuonwa na mtu anayepita barabarani. Tazama kilichobaki. Mimi nimejaribu, na kilichobaki ni mwanamke aliyekaa gizani na mtu asiyemjua akamwona hana kifungo, akacheka naye, asimcheke, akamtafutia kinachofanana. Ni kidogo. Si haba pia.

Na neno la barazani. Usihangaike kutafuta jibu la kuwanyamazisha. Nakujua fundi, utashawishika kuwaambia kwamba kitambaa cha mtumba mara nyingi kinakipita kipya. Usiseme hivyo. Ukimtetea kwa lugha ya nguo, umeshamfanya nguo. Kicheko chako kimekuuma, na kinachouma hivyo kina maana. Jiulize pia wanaocheka ni akina nani. Katika filamu, Angie, rafiki mkubwa wa Marty, naye hana mtu, na kila jioni wawili hao wanaulizana wafanye nini usiku, hakuna mwenye jibu. Ukipata pa kwenda, nani atabaki kwenye kete za bao? Sisemi ni wabaya. Watu huogopa kuachwa, na wengi hawajui kulisema hilo ila kwa kejeli.

Hofu hiyo ndiyo iliyonifanya nirudi kwenye maneno yako na mama.

Wewe umeelewa kwamba anapinga mtalaka. Pengine. Wako wazazi wengi wa namna hiyo, na siwezi kukuhakikishia kwamba yeye si mmoja wao. Lakini hebu tufuate mlolongo ulivyouandika. Umemwambia ni mtalaka, umemwambia ana mtoto, halafu ukasema mtapanga karibu na duka. Hapo ndipo mama aliponyamaza. Ana miaka 68, ana sukari, na usiku mmoja akasikia kwamba mwanawe anayeishi naye atakuwa "anakuja kumwangalia". Dua yake ya miaka yote ilikuwa uoe. Sidhani ndani ya dua hiyo ulikuwemo uhame.

Hata mama yake Marty alikuwa hivyo. Anamhimiza mwanawe aende dansini akatafute mke, mpaka dada yake, Catherine, mjane mwenziwe, anapomweleza maisha ya kuondolewa kwenye nyumba ya mtoto wake baada ya ugomvi na mkwe, mambo ya chupa ya maziwa tu, na kuamka asubuhi huna wa kumpikia. Anamwambia siku yako nawe inakuja. Kesho yake Clara hana jema machoni pa mama. Katika hao wawili wazee hakuna aliyekuwa mchawi. Ni wanawake waliopika miaka 40 na sasa wanaambiwa wapumzike.

Ukizungumza naye, ungeweza kuanza na hilo, usianze na yule dada. Nani atakayemkumbusha dawa. Usiku utalala wapi. Je, chumba kinaweza kuongezwa uani? Hatari yake ni kwamba unaweza kuahidi usichokiweza, ukamleta mke kwenye vyumba viwili vyenye mama mwenye kinyongo na mtoto wa miaka tisa asiye na pa kuwekea daftari zake. Ndoa nyingi nzuri zimefia jikoni. Ukisubiri nako mama akubali kwa moyo mweupe ndipo upige simu, unaweza kusubiri mpaka namba ifutike daftarini. Ukipiga kimyakimya asijue, Tanga si kubwa, atalisikia kwa muuza mboga. Njia isiyo na mwiba hapa sijaiona. Utachagua mwiba unaoweza kuutembelea.

Swali lako la upendo na upweke limenigusa, maana si wengi wenye ujasiri wa kujiuliza. Sidhani vinatengana kama ulivyoviweka. Mwenye njaa anaweza kukipenda chakula kwa dhati. Ila anaweza pia kula kilichoharibika, na hiyo ndiyo hofu yako. Kinachotofautisha ni muda, na muda ndicho kitu ambacho filamu haikukupa. Yote yale ni Jumamosi mpaka Jumapili jioni. Marty anaingia kwenye kibanda cha simu, anapiga, mlango unafungwa, imekwisha. Hatujaonyeshwa Clara amejibu nini, wala mwaka wa pili wa ndoa, kama ilikuwepo. Nani ajuaye, labda waligombana mwezi uliofuata. Wewe unaiona simu ile kama mwisho wa habari kwa sababu hapo ndipo maandishi yalipoanza kupanda kwenye kioo.

Ungepiga leo, hungekuwa unaoa. Ungekuwa unaomba radhi kwa kuchelewa, na kuuliza kama mnaweza kuzungumza tena. Anaweza kukujibu kwa baridi. Anaweza kusema ameshapata mwenziwe, au kwamba ahadi ya kwanza ukiivunja, ya pili ataiaminije, na hilo ni neno la haki kabisa. Posa yako ilirudi mara mbili na najua hii ingeuma kuliko zile, kwa kuwa safari hii hakuna mjumbe wa kupokea kofi kwa niaba yako. Kwa desturi zetu ungeweza kumtuma mshenga, na ni heshima. Ila mshenga akiingia jambo limekuwa la watu wote, na ninyi bado hamjajuana hata chakula mnachopenda. Iko njia ya katikati, yule mdogo wake. Nyumbani kwa huyo kijana mnaweza kukaa na kuzungumza bila ya mtu kupata neno, na kwa mwanamke aliyeachika, ambaye majirani wanahesabu viatu mlangoni kwake, hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani.

Na usipopiga? Inawezekana ukakaa ukapima, ukaona huna moyo wa kulea mtoto wa mwenzio, au huna nguvu ya kupambana na mama katika umri wake huu. Huo si uoga lazima. Mtoto wa miaka tisa si mzigo wa kuchukuliwa kwa sababu filamu ilikuwa nzuri. Lakini hata hapo, mwanamke uliyemwahidi Ijumaa ana haki ya kusikia kitu kingine zaidi ya "wasalimie nyumbani". Ujumbe wa mistari miwili unatosha, usiwe na visingizio vya kazi nyingi.

Mimi hapa nilipo nashindwa kuamua kwa niaba yako, na nimefurahi kushindwa. Sijakaa kwenye hilo benchi. Sijui sauti yake ikoje anapomtaja binti yake, sijui kama moyo wako ulitulia au ulipaparika. Kuna tofauti hapo, na unaijua wewe.

Ukiamua kupiga, piga mchana, mtoto akiwa shule, na usiandae hotuba. Useme wewe ni nani kwanza. Baada ya wiki tatu asikutambue kwa sauti, isikuvunje moyo.

Niandikie, upige usipige. Na mama mpe salamu zangu, ingawa najua hutamwambia zimetoka wapi.

Shangazi